Singa

Sampuli namba arobaini na moja:
kipande cha figo, chembamba kama ganda la kitunguu,
nimekitia rangi, nimekilaza chini ya lenzi.
Mvua ya vuli inapiga mabati ya Bombo.

Hapa seli zilipaswa kusimama kama safu ya swala,
bega kwa bega, mguu kwa mguu,
asipenye shetani wala tone la mkojo;
kila moja imemshika jirani kwa vidole vya protini,
nyayo zimeng'ang'ania jamvi.

Ikaja sukari. Miaka kumi na mitatu.
Vidole vikalegea kimoja kimoja.
Aliyeachwa mkono akatoka mstarini,
akaukana ukoo,
akajifunza kazi nyingine: kusokota nyuzi.

Nyuzi nazijua.
Mama alifanya kazi brashi, Ngomeni,
akarudi na singa nywelani, kwenye kanga, hadi kwenye uji wetu.
Korona hula nyama ya jani, ikabakiza kigumu.
Ndivyo ilivyo humu.

Wala kosa si kuachia tu.
Iko mikono inayoshika mno,
inavuta, inakaza, haijui kusema basi,
mpaka kidonda kilichotaka kufungwa
kimefungwa kamba.

Nimeandika: makovu, zaidi ya nusu.
Nimefuta "nusu". Nimeirudisha.
Kesho Dokta Shekilindi atamwita mwenye namba,
ambaye mimi sipaswi kumjua.

Nimenawa. Kwenye kola ya koti nimekuta uzi mweupe,
sijui wa nguo,
sijui wa nyumbani.