Tundu Chini ya Zulia

Nilitandika zulia kwanza. Hilo ndilo kosa.
Majuma matatu ya Novemba, banda letu pale Iisalmi
likinuka gundi na sufu mpya,
nikapima, nikakata, nikapima tena kwenye nundu ya giaboksi
mpaka ile rangi ya divai ikalala sakafuni
bila kunyanzi, bila mshono wa kuonekana.
Kipya kinyemi. Usiku nilitoka na tochi
kwenda kulitazama tu,
kama mtu aliyeficha keki.

Kisha Heini akapiga simu.
"Baba, mtoto hapandi gari lisilo na mikanda."
Hakuongeza neno. Binti yangu ni muuguzi wa zamu za usiku,
anajua kioo cha mbele kinavyoufanya uso wa mtu.

Mikanda ikaja kwa posta, minne, myeusi,
imejikunja ndani ya boksi kama mikunga,
na bolti nene kuliko kidole changu cha pete,
na karatasi iliyosema, kwa utulivu mkubwa:
tafuta matundu yaliyoachwa na kiwanda.

Matundu!
Nililipapasa zulia kama daktari
anayepapasa tumbo la mtoto asiyetaka kusema panapouma.
Nikachoma shazia hapa: chuma.
Hapa: chuma.
Hapa: gundi yangu mwenyewe, ngumu kama hukumu.
Jirani yangu Urpo akaja na drili.
Iweke chini, nikamwambia, polepole.
Drili ikidaka uzi mmoja wa zulia, uzi haukatiki,
hujisokota kwenye ncha na kuwavuta wenziwe
mpaka mlangoni, ukabaki na upara mrefu kama njia ya panya.
Urpo anajua. Alifanya hivyo kwenye gari la shemeji yake
na hadi leo hawaalikani sauna.

Basi nikaingia uvunguni.
Miaka sabini na miwili, mgongo juu ya saruji ya baridi,
kutu ikinidondokea ndevuni.
Na huko, chini ya lami iliyokauka,
kidole kikakuta kifuniko cha raba,
kidogo, cha mviringo, hakina habari na mtu.
Nikakibandua. Nyuma yake nati, imelehemiwa,
hesi zake bado zina grisi.
Mtu fulani, mwaka wa sitini na mbili,
aliiweka pale imsubiri mkanda
ambao baba hakuununua.
Baba aliona ni anasa. Baba alikuwa na mkono.

Ule mkono! Breki zikilia, kabla hata hajalaani,
ulishakuwa umevuka kifuani pangu,
mkono wa kiwanda cha karatasi, unanuka salfa na tumbaku,
umenigandamiza kitini.
Kulungu akasimama katikati ya barabara,
akatutazama, akaenda zake.
Mkono haukwenda mpaka daraja la pili.
Niliamini unatosha.
Labda ulitosha,
kwa mwendo ule, kwa kulungu yule.

Nikasukuma shazia kutoka chini kwenda juu.
"Sema ukiiona."
Urpo alikuwa ndani, amepiga magoti juu ya divai yangu
na soksi safi, kwa amri.
Kimya. Kisha:
"Imetokeza. Kama jino la kwanza."
Akapachoma hapo kwa chuma cha kulehemu,
banda likanuka nywele zilizoungua,
na hakuna uzi hata mmoja uliotoka kulalamika.
Bolti ikaingia kwa vidole, ikaijua njia.
Tukakaza kwa spana, kisha kwa bega,
mpaka chuma kikasema basi.
Mara nane hivyo. Siku ikaisha.

Tulilijaribu gari jioni ile ile, theluji ikianza.
Kwenye makutano ya kwanza lori likajitokeza,
nikakanyaga,
na mkono wangu wa kulia ukaruka wenyewe
ukatua kifuani pa Urpo.
Aliutazama.
"Nimefungwa," akasema.
"Najua," nikasema.

Sikuuondoa mara moja.