Ya Manjano

Maonyo mia nne na kumi na mawili.
Niliyarithi kwa Torgeir pamoja na kiti chake
na kikombe kilichovunjika mkono.
"Ni ya manjano," aliniambia siku aliyostaafu,
"nyekundu ndiyo ya kuogopa. Haya yaache yapite."
Nikayaacha yapite.

Kila asubuhi, kabla ya jua
(na Desemba hapa Bodø jua ni la kusadiki tu, halionekani)
nilibonyeza kitufe, nikaenda kumimina kahawa,
na kompaila nyuma yangu ikaporomosha mistari
kama theluji inayoteleza kwenye paa la bati:
kigeu hiki hakitumiki,
tawi hili halifikiki,
hapa thamani inakatwa, je, umekusudia?

Lilikuwa swali. Sikuwahi kuona kuwa ni swali.

Aliliona Sunniva, mwanagenzi, wiki yake ya tatu.
"Mstari wa elfu mbili mia mbili na saba
unatia joto la maji ndani ya namba isiyojua hasi."
Nikamwambia bahari ya huku haigandi.
Akanyamaza, akaliandika kwenye kikaratasi,
akakibandika pembeni mwa skrini yangu.
Gundi ilikauka. Kikaratasi kikaanguka nyuma ya meza.

Usiku mmoja wa Februari upepo ulitoka bara,
na kwenye ghuba finyu ya kina Gudveig
maji yakashuka digrii moja chini ya sifuri.
Moja tu.
Programu yangu, isiyo na neno la upungufu,
iliupindua ule upungufu ukatokea upande wa pili:
elfu sitini na tano, mia tano thelathini na tano.
Ikaamini bahari ina moto kuliko jua.
Ikafanya nilivyoifundisha: ikazima pampu za hewa zisiungue,
ikapiga kengele katika chumba kisicho na mtu.

Gudveig alinipigia saa kumi na moja alfajiri.
Hakufoka. Alisema, "Njoo uone."
Samoni matumbo juu, kizimba baada ya kizimba,
na mjukuu wake akiwaopoa kwa wavu wa mkono
mmoja mmoja, kana kwamba wanahesabika.
Hakuniuliza lolote kuhusu msimbo. Aliuliza
kama hakukuwa na kitu cha kutuonya.
Nikaanza kuvaa glavu. Nilikuwa nimeshazivaa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo isemwavyo.
Lakini kompaila si mkuu wa mtu, haina mvi.
Ni karani aliyesoma kila herufi uliyoiandika,
hata zile za usiku, ukisinzia,
asiye na haya ya kukuuliza jambo lile lile
kwa sauti ile ile, miaka mitatu.
Na guu lililovunjika halikuwa langu.

Tuliyajibu hadi theluji ikayeyuka.
Mengine dakika. Moja lilitula siku tisa,
na nilipotaka kuliziba mdomo kwa amri moja
Sunniva alisema, "Kulinyamazisha si kulijibu,"
akaendelea kula mkate wake.

Siku hesabu ilipofika sifuri skrini ilinyamaza
nami sikujua pa kuweka mikono.

Leo limetokea moja. Dogo, mstari wa kumi na nane.
Je, umekusudia?
Birika linapiga mluzi jikoni. Liache lipige.
Navuta kiti.