Nipe Mji

Bi Meinir wa ofisi ya udahili alitaka picha kumi:
maktaba, maabara mpya, bwawa la kuogelea,
sanamu ya mfadhili aliyeshika kitabu asichokifungua.
"Wageni wazitafute mpaka wachoke kidogo," alisema,
"lakini wasipotee. Na mvua usiichore."

Mvua nisiichore! Huku Wales,
juu ya kilima ambapo hata miavuli
imekata tamaa, ikajipindua.

Nilikaa sakafuni na kalamu ya wino wiki mbili,
chai ikipoa kando ya goti.
Maktaba nikaichora, ndiyo, lakini kwa nyuma,
pale bomba la maji moto linapopenya ukuta
na paka asiye na mwenyewe hujikausha tumbo.
Shakwe nikamweka juu ya pipa, chipsi mdomoni:

    Mweupe kama tabibu,
    hula bila ya adabu.

Nikachora ngazi ya sabini na moja, ile yenye ufa,
ambapo mwaka wa kwanza niliketi na simu iliyozimika
nikajifanya nafunga kamba za viatu,
dakika arobaini.
Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.
Hiyo sikuitungia fumbo. Nilichora kiatu tu.

Na ya tisa: baiskeli ya kijani
kwenye uzio wa chuma wa jengo la kemia,
imefungwa pale tangu kabla sijafika,
tandiko limeota kuvu, kengele bado inalia.

    Miguu yangu duara,
    nimefungwa barabara;
    safari yangu ni kutu,
    sijafuatwa na mtu.

Chini ya ukurasa, sheria moja kwa herufi ndogo:
ukishindwa, nipe mji.
"Mji wa nini?" Bi Meinir akauliza.
Nikamwambia asiyejua hulipa, ndivyo mchezo ulivyo.
Akapiga muhuri huku akitazama saa.

Ijumaa jioni, karatasi mia mbili zimeshachapwa,
Bwana Idwal akapita na mkasi wa kukatia vyuma.
Amri ya usafi. Wageni wanakuja.
Nilimkuta anaipakia garini, gurudumu moja likizunguka
kama lililokumbuka jambo.
"Ilikuwa yako?"
Nilitaka kusema ndiyo.

Jumamosi, mvua.
Nilisimama mlangoni na kikapu cha penseli za zawadi.
Walirudi na shakwe, na paka, na mfadhili;
msichana mmoja alikuja peku, viatu mkononi,
hakusema kitu, nami sikumuuliza.
Ya tisa, hakuna aliyeipata. Wakalipa.
Tregaron. Dolgellau. Bala, kwa hasira.
Dada wawili walinipa Swansea, kila mmoja nusu yake.
Mvulana aitwaye Tegid, kofia imelowa chapachapa,
akaandika Ynysybwl,
jina lisilo na a, e, i, o, wala u;
nikalipokea kama sufuria ya moto,
sijui niishike wapi.
"Haya," akasema, "sasa jibu."

Nikampeleka kwenye uzio.
Hapakuwa na kitu ila alama ya kutu, nusu duara,
maji yakiipitia bila kuifuta.
Akaipapasa. Akakitazama kidole.
"Kumbe nilipita hapa mara mbili.
Nilidhani jengo limejikwaruza."

Jumatatu Bi Meinir alitaka orodha ya washindi.
Nikampa karatasi tupu, akaigeuza, akaitazama nyuma.
Miji sikumpa.
Ninayo hapa, thelathini na minne,
kwenye ukurasa uliovimba kwa maji,
Ynysybwl imebanana kati ya Bala na Swansea
mahali ambapo ramani isingethubutu kuiweka,
na kutoka mji hadi mji
sijachora barabara hata moja.