Mstari wa Chini

Chicoutimi, Februari. Nyuzi ishirini na nane chini ya sufuri.
Mto umefunga mdomo,
nami nasugua ndani ya shavu langu la kushoto kwa pamba
kama nifanyavyo kila Jumatatu.
Mara ishirini, si kumi na tisa.
Katika maabara hii shavu langu ndilo uzima,
mizani wanayopimiwa wengine wote.

Kando yake, kwenye barafu, kichupa cha mtoto.
Miezi saba. Jina limefichwa kwa nambari,
lakini nambari haijui kuficha kitu katika mji huu:
juzi nilimwona mama yake, Maëlle, kwenye foleni ya mkate,
amemshika mtoto shingo
kama mtu aliyebeba maji kiganjani.

Taratibu, basi. Kwanza navunja seli.
Napima protini, zake na zangu, nazilinganisha tone kwa tone,
maana usipolinganisha, mstari hafifu
huenda ukawa uvivu wako, si ugonjwa wa mtu.
Kisha utepe, mwembamba kama unyasi.
Asiyejua angedhani ni kile kijiti cha kupimia mimba,
naye hangekosea sana:
huu nao huuliza nani yuko njiani,
ila hausemi kama anakuja au anaondoka.

Unyevu unapanda wenyewe
kama mafuta ya taa yapandavyo utambi.
Ndani yake kingamwili zimebeba dhahabu,
dhahabu iliyosagwa mno hata ikawa nyekundu.
Zinatafuta kitu kimoja tu:
kimeng'enya cha nne katika mnyororo,
kile kikaacho mlangoni mwa jiko la seli,
kuipokea pumzi na kuikabidhi kwa moto.
Kikipungua, hewa ipo, maziwa yapo,
mtoto anapumua, mtoto ananyonya,
na jiko linazima.

Kaka yangu Aurélien hakupata utepe.
Mwaka wa themanini na nne walimkata pajani
kinyama kidogo, si kikubwa kuliko tunda la buluu la msituni kwetu,
wakakifungia barafu kavu, kikapanda basi kwenda Montréal.
Jibu lilirudi msimu wa matunda hayo.
Yeye alikuwa ameondoka kabla theluji haijayeyuka.
Mama aliitia bahasha kwenye droo ya vijiko,
hakuifungua,
miaka kumi na tatu, mpaka nilipomaliza chuo.
Ndipo akaniletea mezani:
"Nisomee. Sasa unaijua lugha yao."

Dakika thelathini. Saa yangu ina umbo la yai.

Utepe wangu: mistari miwili, myekundu, imenona, haina aibu.
Wa mtoto: wa juu upo,
shahidi kwamba utepe umefanya kazi yake.
Wa chini,
nainamisha taa. Navua miwani. Navaa tena.
Upo. Kama alama ya kikombe mezani
baada ya meza kufutwa.
Mashine inasoma kile jicho linachokibishia:
asilimia ishirini na mbili ya shavu langu.

Narudia. Ishirini na moja.
Narudia. Ishirini na tatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.
Hawakumtaja anayeyafichua,
kama anaruhusiwa kukaa kidogo kwanza,
mikono ndani ya glavu,
kabla simu haijanyanyuliwa.

Utepe si hukumu, atasema daktari Thivierge,
tutasoma jeni, tuwaite wazazi wote wawili.
Kweli. Huu ni mlango tu.
Lakini hodi nimeisikia mimi kwanza.

Naubandika wake na wangu daftarini, bega kwa bega,
kama sheria inavyotaka.
Naandika tarehe. Naandika ishirini na mbili.
Ulimi wangu unagusa shavu la kushoto.
Linawasha.