Toa Mia Tano

Chumba kimoja, Kirumba, mlango wa bluu.
Ukuta wa nyuma si ukuta, ni jiwe lenyewe:
mwenye nyumba alichoka kulipasua,
akajenga pande tatu, la nne akamwachia Mungu.
Nimelipa kodi ya miezi sita.
Yupo mjusi aliyenitangulia; yeye halipi.

Miaka saba nilichuna sangara kiwandani.
Mikono hii inajua barafu,
inajua mahali kisu kinapogeuka kukwepa mfupa.
Moto haiujui.
Walipotupunguza walitupa bahasha,
na yale mabuti meupe tukabaki nayo.
Minza akasema, dada, fungua mgahawa wa samaki,
si ndicho unachokijua?
Nimechoka, Minza, kunuka ninachokijua.

Buni nilizifuata bandarini,
gunia dogo la Karagwe, limeshuka na meli ya alfajiri.
Kilo ya kwanza nikaikaanga kwenye sufuria ya ubwabwa:
nje masizi, ndani mbichi.
Moshi ukaenda kwa jirani,
jirani akaja mbio na ndoo ya maji.
Kilo ya pili nilikoroga mpaka bega likalia,
na buni zikaanza kupasuka, moja, kimya, mbili,
kama mtu anayealisha vidole akiwaza.

Luhende hupita jioni na birika lake,
vikombe vinagongana kiganjani;
mwaka wa kumi na mbili huu anauza mitaa hii.
Nilimwita kwa aibu,
maana biashara yangu ni kumpunguzia wateja.
Akaonja. Akazungusha ulimi.
Akatema pembeni, kwa heshima.
"Umeunguza kidogo. Na tangawizi usiitie kuficha kosa."
Kisha, akiwa ameshanipa mgongo:
"Ukishajua kukaanga, utaniuzia kwa jumla?"
Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa oda.

Bwana afya alitaka sinki mbili.
Nilikuwa na beseni mbili.
Tukatazamana.
Nikanunua sinki.

Fundi wa maandishi hakupima ubao.
K, I, J, I, W, E, N, kwa mbwembwe zote,
na I ya mwisho ikakosa pa kukaa;
akaishusha chini, nyembamba,
kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni.
Akataka kufuta aanze upya.
Nikamwambia iache,
hata mimi humu nimeingia kwa kubanana.

Kesho nafungua.
Usiku huu umeme umekatika,
sami wa ziwani wameifunika tochi.
Vikombe ishirini na vinne nimeviosha mara tatu.
Nahesabu: mkaa, sukari, maziwa,
kashata za mkopo za mama Nyanzobe.
Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini,
nimejumlisha kutoka chini kwenda juu;
hesabu inanikatalia njia zote mbili.

Hodi.
Ni Ng'wandu, seremala wa mabenchi,
anayenidai elfu arobaini.
Nilikuwa na maneno tayari, niliyapanga tangu Jumatatu.
Hakuyangoja. Akakaa kwenye benchi lake mwenyewe,
akalitikisa kwa makalio, halikuyumba, akaridhika.
"Nipe kimoja."

Nikapuliza mkaa. Nikamimina.
Alikunywa polepole mpaka kwenye machicha,
macho yake kwenye jiwe muda wote.
"Unauza bei gani?"

Leseni ninayo, cheti cha afya ninacho.
Bei sikuwa nimeipanga.
"Mia tano," mdomo ukasema wenyewe.

"Basi toa mia tano kwenye lile deni."

Nikafungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza,
Ng'wandu, elfu arobaini, kutoa mia tano.
Mauzo yangu ya kwanza, na ni hesabu ya kutoa.
Alipoondoka nikagawanya, nikarudia kwa vidole:
bado vikombe sabini na tisa.

Mmoja, basi, nina hakika atarudi.