Kupanda

Gari la Mbaruku walilivuta Jumanne
chini ya mvua ya Halifax, ile ya kununa,
isiyokolea, isiyokatika.
Kijana wa vyuma chakavu alinihesabia pauni mia na arobaini,
akayapiga teke matairi: haya yamekwisha, mama, vipara vitupu,
na kuyatupa kuna ada yake.
Nikamwambia, yavue. Niachie yote,
na lile la akiba, lililokaa miaka kwenye buti
likingoja balaa.

Miaka kumi na tisa aliwapandisha watu teksi:
wauguzi wa zamu, walevi na chipsi zao za siki,
bibi mmoja na paka wake, kila Alhamisi, kwa daktari wa wanyama.
Alikijua kila kilima cha mji huu kwa gia yake.
Mimi hakunifundisha kuendesha. Tulijaribu mara moja,
tukagombana kabla ya taa za kwanza.

Bustani niliyokodi kwa manispaa iko mtelemkoni,
namba thelathini na moja, juu kabisa.
Udongo wake mweusi, mtamu, lakini mtoro:
mvua ikizidi unahamia kwa jirani
pamoja na vitunguu vyangu.

Dereva wa basi alilikataa tairi.
Nikaliviringisha kwa kijiti
kama tulivyosukuma ringi za baiskeli Ngamiani,
mjane wa miaka sitini na moja, mabuti na ushungi,
barabara nzima ya King Cross ikinipigia honi.
Safari tano.
Tairi la kupandishwa kilima ni kama mtoto wa kupelekwa sindano:
ukipumzika tu, linakumbuka nyumbani.

Nikayalaza mtelemkoni, moja juu ya bega la jingine,
nikayashindilia kokoto na udongo kwa nyundo
hadi yakatulia, mazito, kama wageni waliokula pilau.
Kwanza nilitoboa kila moja kwa keekee.
Huku hakuna malaria, najua.
Lakini Bwana Afya wa utoto wetu bado anapita kichwani mwangu
na daftari lake:
tairi lenye maji, faini.

Bi Hepworth wa namba thelathini akaja na kikombe chake cha chai.
Mpira una sumu, alisema, usipande kitu cha kuliwa humo,
si viazi, si hata figili.
Nikamjibu: sitapanda ndani, nitapanda juu.
Akanitazama. Nikajaribu tena kwa Kiingereza, nikakwama,
kwani yeye ana maneno matatu
pale nilipo na moja tu.
Kupanda gari, kupanda mbegu, kupanda kilima:
kwetu ni kazi moja,
na mgongo unaouma ni uleule.

Siku ya kukanyaga nilikwenda peke yangu.
La kwanza. La pili.
La tatu limelika upande mmoja, ndilo la mbele kushoto;
alikuwa na tabia ya kukumbatia ukingo wa barabara,
nikimwambia ananiambia mimi ndiye ninayemtisha.
La nne likanikubali kimya.

Lile la akiba nimeliweka juu kabisa.
Meno yake yote mazima. Halijawahi kwenda popote.
Hilo sikulikanyaga. Humo nimetia mrehani,
nao hauliwi, Bi Hepworth, ni wa kunusa tu.
Baridi ya Oktoba itauua, amenionya.
Najua.
Nafika pale nikihema, nakaa ukingoni mwake,
nakwangua tope kwenye mabuti,
nangoja pumzi zangu, ziko nyuma,
bado zinapanda.