Bahasha Namba 217

Ibada ya pili imekwisha. Ofisi ya usharika, Kigogo.
Feni imekufa tangu Pasaka.
Namwaga sadaka mezani, natenga sarafu na noti,
noti zilizolowa jasho nazinyoosha kwa kiganja
kama apigaye pasi sare ya mtoto wa shule.

Mzee Mshiu, mwenyekiti wa ujenzi, anasoma gazeti kwa sauti:
wakubwa wa dunia wamerusha chombo kingine.
Mabilioni ya dola, anasema, kwenda kuokota mawe!
Na huku watu wanalala njaa. Mungu anaona.
Nami nikaitikia: Anaona.
Upesi, kama tunavyoitikia liturujia.

Kisha akakunja gazeti, tukaingia kwenye ajenda.
Mnara wa kengele, awamu ya tatu: milioni sitini na mbili.
Mfuko wa diakonia: laki moja na elfu arobaini.
Hakuna aliyecheka.

Yuko mtu katika Injili aliyeuliza swali letu hilihili
siku ile nyumba ilipojaa harufu ya marhamu:
kwa nini yasiuzwe, maskini wakapata?
Swali zuri. Mpaka leo halijachuja.
Ila muulizaji ndiye aliyekuwa ameshika mfuko.
Nikautazama wangu, wa kitambaa cha zambarau,
zipu mbovu, na funguo zote za kanisa shingoni mwangu.

Bahasha namba 217 ni ya Ipyana, mwana wa Twilumba.
Ndani, sarafu ya mia mbili.
Nyuma, kwa penseli:
*Leo saa moja na dakika kumi na nne usiku itapita juu yetu,
itokee upande wa Ubungo. Mama Mhazini, njoo uone.
Ina watu ndani.*

Mwaka ule Msimbazi ilipofura
onyo lilitufikia kwenye simu siku mbili kabla:
mvua kubwa, hameni mabondeni.
Nasikia ni jicho lililoko huko juu
lililoliona wingu likiwa bado baharini.
Mbingu zilisema mapema.
Twilumba akausoma ujumbe, akaja hapa hapa mlangoni, akauliza:
Nihamie wapi?

Hilo hakuna chombo kilichorushwa kulijibu.
Hilo lilikuwa letu.
Ukumbi ulikuwa mtupu, marumaru mpya,
na baraza likaogopa matope.
Nilimwambia tutamwombea.
Tulimwombea kweli; nakumbuka hata wimbo tulioanza nao.
Maji yalichukua godoro, cherehani,
na daftari la sayansi la mtoto.

Usiku nikaenda.
Umeme umekatika, Kigogo nzima giza,
jenereta moja tu inakohoa kwa muuza chipsi.
Ipyana amepanda juu ya tofali, kidole tayari.
Ile pale.
Nukta nyeupe, haina haraka, haina sauti,
ikapita juu ya mabati, juu ya alama ya maji ukutani,
juu ya nondo za mnara wetu zilizochomoza uchi.
Nilitaka kukasirika. Nikakuta nimefunua kinywa kama mtoto,
na moyoni swali la kale: mtu ni nini, Bwana,
hata umweke kwenye hesabu zako?

Wanatuona? nikauliza.
Wanaona taa za mji, akasema.
Akafikiri. Lakini leo sisi hatuna.

Jumatano kuna kikao. Sijui kama sauti itatoka;
Mzee Mshiu ni mtu mwema na amenizika baba.
Ila jana nilipita Karume kwa fundi,
nikachongesha ufunguo wa pili wa ukumbi,
nikamwachia Twilumba. Mvua za vuli haziko mbali.

Shilingi elfu tatu.
Nilikaa na daftari muda mrefu, kalamu hewani.
Mungu anisamehe:
nimeiandika kwenye safu ya mnara.